Ukifika kwa Kinyozi

Mwalimu mstaafu alipita upande wa pili wa barabara, upande wenye jua, ambao mtu hautumii asubuhi ile kama hana sababu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kufunika masikio. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, shuka jeupe likining'inia mkononi. Alipomwona alitabasamu.

"Mwalimu, kiti kiko wazi."

"Nitapita, nitapita," alijibu mwalimu, akainua mkono kana kwamba anamsalimu mtu aliye mbali zaidi, kisha akaongeza mwendo.

Kinyozi alirudi ndani. Mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma akichambua nywele za bandia za mteja aliyeahidi kuwahi na hakutokea.

"Leo watu wana haraka," kinyozi alisema.

"Haraka gani ya mtu aliyestaafu?"

Kinyozi alichukua kitambaa akafuta kioo ambacho alikuwa amekifuta muda si mrefu. Chumba kile cha mbele kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, redio, na ukutani picha ya vichwa vyenye mitindo ambayo hakuna aliyeiomba tena. Nyuma yake kulikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja cha mama yake kinyozi, na uani tangi la maji lililosimama juu ya matofali. Nje hakukuwa na kibao. Kinyozi hakuwahi kukihitaji. Nyumba za mtaa ule hazikuwa na namba, wala vichochoro havikuwa na majina, na nyumba yake ilikaa pale hasa lami inapoishia na njia kugawanyika. Aliyealikwa harusini, aliyepeleka godoro, aliyemtafuta fundi friji, wote waliambiwa vilevile: ukifika kwa kinyozi, piga simu.

Hata asubuhi ile ya benchi tupu, dereva mmoja wa pikipiki alisimama mlangoni, mfuko umefungwa nyuma ya kiti, simu sikioni.

"Nimeshafika kwa kinyozi. Wewe uko wapi? Ee. Haya, nakuja."

Akaondoka bila kugeuka. Kinyozi alimfuata kwa macho.

"Angalau bado tuko njiani," alimwambia mkewe.

Mchana binti yao wa darasa la tano aliporudi, hakurusha mfuko kitandani kama siku zote. Aliuweka chini taratibu na kukaa karibu na bibi yake.

"Mwalimu wetu wa darasa amenihamisha dawati," alisema. "Ameniweka dirishani peke yangu. Amesema nipate hewa."

"Hewa ni nzuri," bibi alisema.

"Wenzangu wanasema nyumba yetu ni nyekundu."

Kinyozi alitoka nje akautazama ukuta. Ulikuwa wa bluu, kama alivyoupaka mwenyewe. Aliporudi alimkuta mkewe ameshika simu, na uso wake umebadilika.

Picha ilikuwa kwenye kundi la mtaa. Ilikuwa ramani: barabara kama nyuzi nyembamba, mapaa kama vibanzi vya kijivu, na juu ya paa lao duara jekundu, limekaa kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Chini yake aliandika mwenye duka wa ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye aliyeanzisha kundi lile: "Majirani, hii imevuja kutoka zahanati. Ndipo kipindupindu kilipo. Tukae mbali na kwa kinyozi mpaka tutakapoambiwa vingine." Mwishoni aliweka viganja viwili vilivyokutana.

"Viganja hivi ni vya nini?" kinyozi aliuliza.

"Vya kuomba."

"Ananiombea au ananizika?"

Mkewe alisogeza kidole, ujumbe ukapita mmoja baada ya mwingine. Mimi mwanangu alinyolewa pale. Mimi nilipita pale juzi tumbo likaanza kunguruma. Kwa kinyozi. Kwa kinyozi. Kwa kinyozi. Kinyozi aliusoma kila mmoja hadi mwisho. Wengi wa walioandika aliijua hata njia ya nywele zao kisogoni.

*

Bwana afya alifika alasiri akiwa na msichana mwembamba aliyekumbatia kishikwambi kifuani. Bibi aliwakaribisha benchi.

"Tunashukuru, mama. Tutasimama."

Mkewe kinyozi alileta maji kwenye sinia. Bwana afya alisema ametoka kunywa sasa hivi. Alisema hivyo kwa adabu, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mahema ya wagonjwa yaliposimikwa kwenye uwanja wa zahanati. Lakini sinia lilirudi ndani na glasi zake zimejaa. Binti alilipokea mlangoni, akazimwaga kwenye ndoo ya kufulia bila kuambiwa.

"Sitazunguka," bwana afya alisema. "Ramani yetu inaonyesha wagonjwa wengi kuliko pengine popote wako hapa. Tumekuja kuchukua maji ya tangi tukayapime. Majibu yatachukua siku kadhaa, na siwezi kusubiri watu wakiugua. Kesho asubuhi vijana wangu watafunga utepe mlangoni. Hakuna kunyoa, hakuna kusuka, hakuna kuchota maji, mpaka ugonjwa uishe."

"Uishe lini?" kinyozi aliuliza.

"Ningekuwa najua, kaka yangu, ningelala."

Bibi alimgeukia msichana. "Na wewe mwanangu, wewe ni daktari?"

"Hapana, bibi. Shikamoo. Mimi natengeneza ramani." Alisema chini chini, kana kwamba ramani ni jambo la kuombea radhi. "Kila mgonjwa anayeandikishwa ni nukta moja. Tunasoma pia yale watu wanayoyaandika kwenye makundi ya simu, wakitaja wanaumwa nini na wako wapi. Nukta zikikusanyana, zinakuwa duara. Ndipo tunajua pa kupeleka dawa na mahema."

"Na jana duara lilikuwa kubwa hivi?" mkewe kinyozi aliuliza.

Msichana alisita. "Lilikuwa dogo. Limekua tangu picha ilipovuja."

"Yaani watu wameandika kwa kinyozi, na mashine imehesabu."

"Nimeliona hilo," msichana alisema, akamtazama mkubwa wake. "Nilitaka kusema kwenye gari."

"Hata tukiyaondoa ya kwenye simu, wa zahanati wanabaki," bwana afya alisema. "Na wale hawaandiki umbea. Wale wana dripu mkononi."

"Kuna wanawake?" mkewe kinyozi aliuliza.

"Wapo."

"Watoto wachanga?"

"Wapo, mama."

"Nao walikuja kunyolewa ndevu?"

Bwana afya karibu acheke. Aliinamisha kichwa, akaonekana kijana kidogo. "Ugonjwa huu unapita kwenye maji, haupiti kwenye ndevu. Mna tangi. Majirani wanachota."

"Wanachota," kinyozi alisema. "Nasi tunakunywa humo humo. Mama yangu huyu hapa, mzima. Mwanangu mzima. Hao wagonjwa wote wanaoishi kwangu, bwana afya, nawalaza wapi? Vyumba viwili."

Msichana alimtazama kinyozi, kisha akatazama vyumba viwili kupitia pazia lililokuwa wazi. Bwana afya alikuwa ameshaelekea uani na chupa ya kuchukulia maji.

Jioni ile walidonoa tu chakula. Bibi peke yake ndiye aliyekula kama kawaida.

"Kuleni," alisema. "Utepe haufungi mdomo."

"Mama, wakifunga, wateja hawatarudi," kinyozi alisema. "Mtu akishazoea kinyozi mwingine, ndiyo basi. Kichwa ni kama kitanda. Na huyu atabaki dirishani mwaka mzima." Alimnyooshea binti yake kidevu. "Watu watasema kwa yule aliyetuletea ugonjwa. Hata njia wataelekezana hivyo."

Mkewe alimsogezea mboga. "Kula, baba. Hawajafunga bado."

*

Asubuhi msichana wa ramani alikuja peke yake, kabla ya gari. Mkewe kinyozi alimkuta amesimama nje, hajui kama abishe hodi au asubiri.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja. Mimi nimetangulia. Kuna kitu kinanisumbua, lakini sijui ni nini, kwa hiyo sikuweza kukisema." Aliona haya. "Samahani. Hata salamu sijatoa."

"Salamu zipo tu. Ingia ukae."

Benchi lilikuwa limepandishwa juu ya meza ili sakafu ipigwe deki. Kinyozi alitaka wakija kufunga wafunge mahali safi. Kilichobaki ni kile kiti cha kuzunguka. Msichana alikaa, na kinyozi, ambaye mikono yake haikujua kumwona mtu kwenye kiti kile bila kufanya kitu, alimtandikia shuka jeupe mabegani na kulifunga shingoni. Kisha wote wawili wakatazamana kwenye kioo.

"Nisamehe," kinyozi alisema. "Ni mazoea."

"Liache," msichana alisema. "Ni zuri."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Walikuwa bado wanacheka pikipiki iliposimama nje. Alikuwa dereva yule yule, na mfuko ule ule, simu sikioni.

"Mama, nimefika kwa kinyozi na zile chumvi za mgonjwa. Ee, za kuchanganya na maji. Nashuka bondeni? Napita kalavati la mtaro? Haya, mtoto asimame njiani nimwone."

Msichana alitoka mbio na shuka lake shingoni. Dereva alimtazama kama aliyeona kuku amevaa koti.

"Samahani kaka. Unampelekea nani?"

"Wagonjwa waliorudishwa nyumbani. Zahanati wananipa chumvi, nazungusha."

"Kwenye karatasi yako wameandika anaishi wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Na anaishi wapi?"

"Si nimesema sasa hivi? Bondeni, nyuma ya gereji."

"Na yule wa jana?"

"Kwa kinyozi. Ila huyo ni kule kwenye ngazi za mawe. Bondeni huko huko." Alikuna kichwa chini ya kofia ngumu. "Dada, wote wameandikwa kwa kinyozi. Ndiyo maana nasimama hapa kila siku napiga simu. Ungetaka niwapateje?"

Msichana alisimama pale, lami inapoishia. Alifungua kishikwambi, akagusa mgonjwa mmoja, akamgusa wa pili. Kinyozi na mkewe walikuwa wamefika mlangoni.

"Swali la anwani kwenye fomu nililiandika mimi," alisema. Safari hii hakuinama. "Nyumba hazina namba. Kwa hiyo niliweka, mahali panapojulikana karibu na kwako ni wapi. Mgonjwa anajibu. Mashine inapatafuta mahali pale, inaweka nukta. Nilidhani kila mmoja atataja pake. Sikujua mtaa mzima una mahali pamoja."

Kinyozi alikuwa akitazama zile njia zilizogawanyika mbele ya mlango wake, moja ikipanda, nyingine ikienda sokoni, nyingine ikiteremka bondeni, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua acheke au akasirike.

"Kwa hiyo nimeponzwa na umaarufu," alisema.

"Usijivune kabla hatujatoka humo," mkewe alisema. Akamgeukia msichana. "Ukiwauliza upya, zile nukta zitahama?"

"Zitahama, ila ni wengi. Wengine simu zao hazipatikani. Nikianza leo nitamaliza kesho kutwa, na gari liko njiani."

Mkewe kinyozi alitazama ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta yake akijifanya anapanga sabuni. Alivuka. Alipokaribia, mwenye duka alirudi nyuma hatua, mgongo ukagonga rafu, pakiti ya viberiti ikaanguka.

"Shemeji," mwenye duka alisema. "Usinielewe vibaya. Nilituma kwa nia njema."

"Sikuja kugombana. Nina kazi nawe. Kundi ni lako, na wewe wanakusikiliza. Sisi wanatukimbia."

Hapo hakuingia dukani. Alisimama pale alipokuwa, kwenye jua, ili mtu asije akasema alimkaribia, akamweleza. Mwenye duka alisikiliza huku akiokota viberiti. Alipoelewa alikaa kwenye gunia.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe, mdogo wangu alipolazwa, niliandikisha kwa kinyozi. Na anakaa kule bondeni kabisa."

"Basi anza na wewe."

Alikohoa, akabonyeza simu kurekodi, akaongea kwa ile sauti yake ya mikutano. "Majirani, salamu. Kwa kila aliyeugua au anayeuguza. Zahanati wanataka kujua unapolala hasa. Usiseme kwa kinyozi. Sema ukitoka kwa kinyozi unashika njia ipi, na unafika wapi. Kinyozi hana mgonjwa. Narudia, hana mgonjwa. Na mimi nilikosea kuwatangazia." Aliachia kidole, akamtazama mkewe kinyozi. "Niweke viganja?"

"Viache vipumzike."

Majibu yalianza polepole, kisha yakamiminika, mengine kwa sauti, mengine kwa maandishi, wengine wakimsemea jirani aliyeko hemani. Nashuka kalavati, nyumba ya pili yenye mlango wa bati. Sisi ni nyuma ya gereji, mnapoona nyavu za kufugia kuku. Mama mwenye mtoto mchanga yuko kwenye ngazi za mawe, sisi tumepanga nyumba moja naye. Msichana aliketi kizingitini, shuka bado liko shingoni, kinyozi akimwambia njia ipi ni ipi, binti yake, aliyekuwa amevaa sare lakini hajataka kutoka kwenda shule, akimsomea ujumbe mmoja mmoja. Hata mwenye duka alivuka barabara na kuinama nyuma yao.

Gari la bwana afya lilifika. Wakashuka vijana wawili, mmoja ameshika bunda la utepe wa njano. Bwana afya alimwona msaidizi wake amekaa chini mlangoni, amevaa kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Kuna nini hapa?"

"Njoo uone, mzee," msichana alisema. Lilikuwa jambo la kwanza alilomwambia bila kuomba radhi.

Bwana afya alichuchumaa. Juu ya paa la kinyozi duara lilikuwa limeanza kukatika. Nukta moja ilitoka ikateremka. Nyingine ikafuata. Mbili zilipanda njia ya juu, lakini zilizobaki zote zilishika njia moja.

"Zinakwenda wapi?" aliuliza.

"Zinarudi makwao."

Bibi alikuwa amesogezewa kigoda naye aone. "Tazameni zinavyoshuka," alisema. "Kama watu waliotoka kuzika."

"Kama waliotoka harusini, mama," kinyozi alisema.

Kwa bwana afya hakukuwa na la kucheka. Alikuwa ameinamia kishikwambi hadi paji lake likakaribia kukigusa. Nukta zilijipanga bondeni kama shanga, kando ya mtaro, kuanzia kalavati kushuka chini. Kwenye mtaro huo, juu ya kalavati, hakukuwa na hata moja. Alisimama, magoti yakalia.

"Bomba la bondeni linapita wapi?"

"Ndani ya mtaro," dereva wa pikipiki alisema. "Chini ya kalavati. Hata juzi nilipita, maji yanachuruzika."

"Lete huo utepe," bwana afya aliwaambia vijana wake, akaanza kuteremka kwa miguu bila kusubiri gari.

Walilikuta bomba limepasuka kwenye kiungo, limelala ndani ya maji machafu, na wakati wa mgao, maji safi yalipokatika, lilikuwa likinyonya kutoka mtaroni. Utepe wa njano ulifungwa pale, kuzunguka bomba lote la kuchotea. Kabla ya jioni gari la maji lilikuwa limesimama kando ya gereji, na madumu yamepangwa foleni. Wale wa bondeni walioshindwa kusubiri foleni walipanda na ndoo zao hadi kwenye tangi la kinyozi. Mkewe aliwafungulia, akiwasisitizia wayachemshe kwanza. Bwana afya alipopita kuaga, alisimama uani, akaiona glasi juu ya ndoo.

"Mama, naomba maji," alisema.

"Majibu ya tangi bado."

"Nitayachemsha tumboni."

"Subiri ya birika, yamechemshwa," mkewe alisema, na akamletea kwenye lile lile sinia. Aliketi benchi kuyanywa.

*

Majibu ya tangi yalirudi mazuri. Mahemani, waliokuwa wakiingia walipungua, na wale waliolazwa wakatoka mmoja mmoja, wamekonda, wakilalamika kuhusu uji wa hospitali. Binti alirudishwa dawati lake la zamani, ingawa alisema alikuwa ameanza kupenda dirisha.

Msichana wa ramani alikuja kuonyesha swali jipya, alivyoliandika: kutoka mahali panapojulikana, unaelekea wapi? Kinyozi alitaka kuona ramani yenyewe. Bondeni palikuwa pamefifia, rangi ya chungwa iliyokaribia kuisha. Juu ya paa lake hakukuwa na kitu. Alitazama kwa muda.

"Sasa hatumo kabisa," alisema.

"Si ndilo ulilotaka?"

"Ndilo." Alitikisa shuka lisilo na nywele. "Nimesema tu."

Msichana alibonyeza hapa na pale, akamgeuzia. Pale lami inapoishia palikuwa na alama ndogo nyeusi ya mkasi, na maneno mawili pembeni. Kinyozi alimwita mkewe, mkewe akamwita bibi. Bibi alisema mkasi ni mdogo, lakini utasaidia.

Mwenye duka alichelewa kuja kuliko wote. Alikuja wakati benchi limejaa, mwalimu mstaafu akiwa wa kwanza kwenye foleni, na mwenye duka alipopishwa mbele kwa heshima alikaa kitini kama mtoto aliyeitwa ofisini. Kinyozi alimfunga shuka. Akachukua wembe mpya, akaufungua mbele ya macho yake, akamsogeza kichwa mbele.

"Shingo yako imekakamaa, jirani. Pumua."

"Napumua."

"Nina nia njema," kinyozi alisema, na benchi lote likacheka, mwenye duka naye akacheka kwa uangalifu, bila kutikisa shingo.

Simu ikalia chini ya shuka. Kinyozi aliinua wembe juu, akasubiri. Mwenye duka alihangaika mpaka akaitoa.

"Halo. Umefika na mzigo? Mimi niko kwa kinyozi." Akasikiliza. "Nimekwambia kwa kinyozi. Unasema wote wanasema hivyo? Sasa mimi nikwambie nini?"

Kinyozi aliinama hadi mdomo wake ukafika kwenye simu.

"Huyu yuko ndani kabisa," alisema. "Kwenye kiti."